Karate ya Uani kwa Mwalimu

Itajwapo karate, aghalabu mtu wa kwetu huona mbele yake ukumbi mpana, safu za vijana waliovaa nguo nyeupe na mikanda ya rangi mbalimbali kwa kadiri ya daraja zao, na sauti moja ikihesabu kwa Kijapani huku ngumi zote zikitoka kwa pamoja. Naye, kwa kuwa mambo hayo yamepangika kwa nidhamu na yamepewa majina ya kigeni, huyadhani kuwa ni ya dahari, yaliyorithiwa tangu enzi zisizo na tarehe. Yakini sivyo. Katika hayo yote niliyoyataja hakuna hata moja lililokuwamo katika karate kabla ya karne ya 20, na lile ambalo ni la kale kwa haki, nalo ni mwalimu mmoja na wanafunzi wake wachache katika ua wa nyumba yake, ndilo ambalo mgeni apitaye leo katika vichochoro vya mji wa Naha huliacha kando bila ya kulitambua.

Naha ni mji mkuu wa Okinawa, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Ryukyu, baina ya Japani na Taiwan, na kisiwa hicho ndicho chimbuko la karate. Dojo za mitaani za huko, ambazo wenyewe huziita machi dojo, hazina fahari ya nje: mara nyingi ni chumba cha chini cha nyumba ya zege, kwa kuwa kisiwa hupigwa na tufani kila mwaka na nyumba za mbao zimekuwa adimu, na ghorofani ndiko anakokaa mwalimu na ahali zake. Ndani mna sakafu ya mbao iliyong'arishwa na nyayo, picha za waalimu waliokwisha kufa zimetundikwa ukutani, na pembeni zimepangwa zana za mawe, za miti na za udongo ambazo asiyejua angedhani ni masalio ya fundi mwashi. Wanafunzi wa usiku mmoja huwa wachache, wengine watoto, wengine wazee wenye wajukuu. Mwalimu naye aghalabu hategemei ada kwa riziki yake. Mchana huenda ni polisi, au karani, au mstaafu, na karate kwake ni amana aliyowekewa na aliyemtangulia.

Msomaji wa pwani atalifahamu jambo hili upesi akikumbuka chuo cha zamani cha Qurani, kilichokuwa barazani kwa mwalimu, ambako mtoto hakupelekwa kwa ajili ya jina la chuo bali kwa ajili ya mtu aliyesomesha, na huyo aliyesomesha alijulikana kwa silsila yake: amesoma kwa fulani, na fulani kwa fulani. Ndivyo ilivyo Okinawa. Mtu akiulizwa karate yake ni ipi, jawabu lenye uzito ni jina la mwalimu. Majina ya mitindo yenyewe, Goju-ryu, Shorin-ryu, Uechi-ryu na mengineyo, ni ya juzi, na watu wa zamani walitosheka na kusema "mkono", wakiongeza pengine mji wa mtu, Shuri, Naha au Tomari, ingawa miji hiyo mitatu imekaribiana hata mtu aweza kuizunguka yote kwa miguu kabla ya jua kuchwa.

Tangu mwaka 1429 hadi 1879 visiwa hivi vilikuwa dola mbali, Ufalme wa Ryukyu, wenye kasri yake juu ya kilima cha Shuri na bandari yake Naha, na riziki ya dola hiyo ilikuwa ni bahari: vyombo vyake vilipeleka China tunu za utii pamoja na bidhaa, vikarudi na hariri, vyombo vya kauri na ilimu, na vingine vilifika hata Malaka na Siam. Kando ya bandari palikuwa na Kume, makazi ya jamaa za Kichina waliotoka jimbo la Fujian, na kwa njia ya watu hao, na ya wajumbe na wanafunzi waliokwenda Fuzhou, mapigano ya mikono ya Wachina wa kusini yakachanganyika na yale waliyokuwa nayo wenyeji. Mwaka 1609 mabwana wa Satsuma, kutoka kusini ya Japani, walikivamia kisiwa wakakitia chini ya amri yao, ilhali mfalme aliachwa juu ya kiti chake.

Hapa ndipo panaposimuliwa kisa ambacho filamu zimekipenda mno, kwamba Satsuma waliwanyang'anya wakulima silaha zao, nao wakulima, kwa uchungu wa dhuluma, wakabuni karate gizani ili wapate kuwaua samurai kwa mikono mitupu. Ni kisa kitamu, wala sioni ajabu kwamba kimeenea. Lakini tukiwatazama watu ambao majina yao yametufikia, hao wakulima hatuwaoni. Matsumura Sokon alikuwa mlinzi wa wafalme wa Ryukyu, Itosu Anko alikuwa mwandishi katika serikali ya mfalme, na wengi wa rika lao walikuwa watoto wa mamwinyi wa Shuri, waliokuwa na nafasi ya kujifunza na jamaa wa kuwafunza. Mkulima aliyerudi kondeni magharibi akiwa hoi hana hamu ya kusimama saa mbili juu ya magoti yaliyopindwa.

Aliyeonja ufukara kwa kweli ni Higaonna Kanryo, aliyezaliwa Naha mwaka 1853, ambaye jamaa zake, ijapokuwa hawakukosa nasaba, walipata chakula kwa kuleta kuni kwa mashua kutoka visiwa vya Kerama. Akiwa kijana alisafiri hadi Fuzhou, akakaa huko miaka kadhaa akifunzwa na Wachina, kisha akarudi Naha akaendelea na kuni zake. Mwaka 1902 aliletewa mvulana wa miaka 14, jina lake Miyagi Chojun, aliyelelewa katika nyumba ya wafanyabiashara matajiri. Na inasimuliwa kwamba mtoto huyo wa matajiri alifagia ua wa muuza kuni na kumtekea maji kwa muda mrefu kabla ya kuonyeshwa hata namna ya kusimama. Alidumu naye mpaka mzee alipofariki mwaka 1915, na baadaye yeye ndiye aliyeipa silsila hiyo jina la Goju-ryu, maana yake ugumu na ulaini kwa pamoja.

Basi mafunzo yenyewe huendaje? Wanafunzi hufika kabla ya wakati wakafuta sakafu kwa vitambaa vya maji, kisha wakapiga magoti wakainama kuelekea picha za waalimu, wakamwinamia mwalimu, wakainamiana wao kwa wao. Nayo ni maamkizi ya Kijapani wala si ibada, ijapokuwa najua kwamba wazee wengine wa kwetu hawajaridhika nayo hata leo. Hufuata kunyoosha viungo, tangu vidole vya miguu hadi shingo, kwa taratibu ambayo kijana mwenye haraka huiona ni kupoteza wakati. Kisha huja zamu ya zile zana za pembeni, na juu yake nitakaa kidogo, kwa sababu hizo ndizo zinazoitenga karate ya Okinawa na ile ya kumbi kubwa.

Chi-ishi ni jiwe, na siku hizi zege, lililotiwa mpini wa mti upande mmoja tu. Mtu akiushika mpini mwishoni, uzito wote huwa mbali na mkono wake, na kulizungusha jiwe polepole juu ya kichwa, kisha kulisimamisha mbele ya kifua pasi na kutikisika, humfunza kwa pamoja kifundo cha mkono, bega na kiuno namna ya kumdhibiti mtu asiyetaka kudhibitiwa. Nigiri-game ni mitungi miwili ya udongo, ambayo haikumbatiwi wala haina masikio, bali hushikwa mdomoni kwa ncha za vidole. Mwanafunzi hutembea nayo kwa hatua za kupinda, mabega yakiwa chini na pumzi tumboni, na kila vidole vikizoea huongezwa mchanga kidogo ndani yake. Mgeni huicheka siku ya kwanza, na kabla hajaumaliza upande mmoja wa chumba vidole vyake hufunguka vyenyewe.

Zana iliyosingiziwa kuliko zote ni makiwara, ubao uliopandwa ardhini, mnene chini na mwembamba juu ili upate kunesa, uliofungwa kamba ya majani ya mpunga mahali pa kupigia. Itosu aliandika mwaka 1908 kwamba ubao huo upigwe mara 100 hadi 200. Watu hudhani kwamba kusudi lake ni kuvifisha vidole visione maumivu na kuvitia sugu. Sugu huja, lakini kazi ya ubao ni kurudisha nguvu ulizouletea, na ukipiga hali bega limeinuka au kisigino kimeng'oka, ubao hukusukuma nyuma mbele ya watu, wala hauna upendeleo. Nami kwa insafu sina budi kutaja na kongoken, pete ndefu ya chuma ambayo wawili huweza kuishika wakavutana, ambayo si ya Okinawa hata kidogo: inaelezwa kwamba Miyagi aliiona kwa wapigana mieleka wa Hawaii alikosafiri mwaka 1934, ikampendeza, akaileta nyumbani, na leo watalii huipiga picha kwa itikadi kwamba ni turathi ya wafalme. Uani nako, basi, vitu vipya viliingia.

Baada ya zana huja kata, yaani mfululizo wa mapigo, vizuizi na mageuko ambao mtu huufanya peke yake kwa mpango usiobadilika. Ya kwanza na ya mwisho katika silsila ya Naha ni Sanchin, ambayo haina uzuri wowote wa kutazamwa: hatua chache mbele, kugeuka, hatua chache tena, mikono ikitoka na kurudi polepole, vidole vya miguu vikiing'ang'ania sakafu, na pumzi ikisikika ikiingia na kutoka. Mwanafunzi huvua shati, na mwalimu humzunguka akampiga kwa kiganja mabegani, mapajani na mbavuni, wala si kwa kumwadhibu, bali mkono wa mwalimu unatafuta msuli uliolala. Imepokewa kwamba Higaonna alimweka mwanafunzi juu ya Sanchin peke yake miaka mitatu au zaidi. Na hata kama wapokezi wameongeza chumvi, mtu aliyeifanya kata hiyo kwa mwaka mmoja kwa unyofu hataona sababu ya kuibisha habari hiyo.

Kilichobaki ni cha watu wawili. Katika kakie wanasimama wakielekeana, vifundo vya mikono vimegusana, wakasukumana na kuvutana bila ya kuachana, mpaka mmoja amsikie mwenziwe ataanguka upande gani kabla mwenyewe hajajua. Katika bunkai mwalimu hufumbua kata: huku kuirudisha ngumi kiunoni, ambako mtoto wa ukumbi mkubwa hukuona kuwa ni pambo, ni mkono wa adui uliokwisha kukamatwa na sasa unavutwa, kizuizi alichodhani ni cha kukinga kumbe ni cha kuvunja kiwiko. Mambo haya hayafundishiki kwa watu 50 kwa mara moja, kwa kuwa lazima mwalimu akushike na wewe umshike, na hapo ndipo panapokaa tofauti yote baina ya karate mbili ninazozizungumzia.

Funakoshi Gichin, aliyezaliwa Shuri mwaka 1868 na ambaye baadaye aliipeleka karate Tokyo, ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyokuwa akienda usiku, taa mkononi, nyumbani kwa mwalimu wake Azato Anko, kwa sababu karate siku hizo haikufundishwa mchana wala hadharani. Na jirani waliomwona kijana huyo mwalimu wa skuli akirejea alfajiri walikata shauri kwamba anatoka kwenye nyumba za makahaba. Huko uani alirudia kata moja usiku baada ya usiku, miezi kwa miezi, na Azato ameketi kibarazani akitazama, hana la kusema ila "tena" au "kidogo zaidi". Sifa haikuwamo. Kwa kipimo cha leo huyo angeitwa mwalimu mbaya.

Ni Itosu aliyeutoa mchezo nje ya ua. Baada ya Japani kuufuta ufalme mwaka 1879 na kuifanya Okinawa mkoa wake, mamwinyi walipoteza posho zao, vijana wakaanza kuandikishwa jeshini kwa lazima tangu 1898, na mzee huyo, kwa busara au kwa hadhari, akaona kwamba ilimu iliyofichwa itakufa pamoja na walioificha. Mwaka 1901 karate iliingizwa katika skuli ya msingi ya Shuri, na mwaka 1908 aliwaandikia wakuu wa serikali nasaha kumi, ambamo aliitetea kuwa ni matayarisho mema ya askari, akamtaja hata Mwingereza Wellington na ushindi wake juu ya Napoleon. Kwa watoto hao alitunga kata tano fupi, Pinan. Na kwa kuwa mwalimu mmoja alikuwa na darasa zima mbele yake, watoto walipangwa safu wakahesabiwa, na mikono iliyokuwa ikivunja viwiko ikageuka kuwa riadha ya viungo. Hizo ndizo safu tunazozijua.

Mengine yalifuata mbiombio. Funakoshi alipoionyesha karate Tokyo mwaka 1922 alivaa nguo zilizoigwa kwa watu wa judo, kwani huko kwao watu walifanya mazoezi kifua wazi au kwa nguo za ndani. Mwaka 1924 aliwapa wanafunzi saba daraja za kwanza za mkanda mweusi, taratibu aliyoichukua kwa Kano Jigoro, mwasisi wa judo. Miyagi, kwa upande wake, hakumpa mtu yeyote daraja hizo mpaka kufa kwake. Tarehe 25 Oktoba 1936 waalimu walikutana Naha wakaridhia kwamba jina la karate liandikwe kwa herufi ya utupu badala ya ile ya China, uamuzi uliopendeza mno Tokyo katika mwaka ule. Na siku hiyo ndiyo iliyofanywa na baraza la mkoa, mwaka 2005, kuwa Siku ya Karate.

Sina nia ya kuulaumu ukumbi mkubwa, kwa sababu laiti si huo huenda leo tusingalikuwa na la kuzungumza. Vita vilivyoanza kisiwani tarehe 1 Aprili 1945 na kuendelea hadi mwisho wa Juni viliua watu zaidi ya 200,000, wengi wao wenyeji wasio askari. Kasri ya Shuri, ambayo jeshi la Japani lilikuwa limechimba makao yake chini yake, iliteketezwa. Shinzato Jin'an, ambaye Miyagi alimtazamia kuwa mrithi wake, aliuawa. Miyagi mwenyewe alipoteza watoto. Na Kyan Chotoku, mmoja wa mabingwa wa silsila ya Shuri, alikufa Septemba mwaka ule ule kwa njaa na uchovu. Ilimu inayokaa kifuani mwa watu wachache, katika kisiwa kimoja, haina pa kukimbilia.

Miyagi aliyesalimika akaanza upya katika ua wa nyumba yake mtaani Tsuboya, mtaa ambao tangu 1682 ni wa wafinyanzi, chini ya mbingu, bila ya paa wala sakafu ya mbao, na wanafunzi waliopita hapo hadi kufariki kwake mwaka 1953 ndio waliofungua dojo zao wenyewe mitaani, miongoni mwao Miyazato Eiichi, aliyekuwa polisi, na Jundokan yake ya Naha. Okinawa ilitawaliwa na Marekani mpaka tarehe 15 Mei 1972, na askari wa kambi za Kimarekani, ambao baba zao au wao wenyewe walikibomoa kisiwa, wakawa wanafunzi katika nyua hizo hizo, kisha wakaibeba karate hadi kwao. Waliyoibeba ni ipi hutegemea walikaa muda gani. Askari wa mwaka mmoja na nusu alirudi na kata, mikanda na makelele, na yule aliyerejea tena na tena ndiye aliyepata hayo ya kushikana mikono.

Mchezo wa mashindano nao umekwenda njia yake. Tarehe 6 Agosti 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, Kiyuna Ryo alifanya kata yake ndani ya Nippon Budokan akawa mtu wa kwanza wa Okinawa kupata dhahabu ya Olimpiki, akapanda jukwaani na picha ya marehemu mama yake. Mtindo wake ni Ryuei-ryu, ambao hadi miaka ya 1970 ulikuwa ni mali ya jamaa moja, akina Nakaima, usiofundishwa nje ya nyumba yao: basi katika muda wa miaka 50 kitu kilitoka sebuleni kikafika mbele ya walimwengu. Nilimtazama kwa furaha, na macho yake ya siku ile yalikuwa na heba ambayo waamuzi hawana alama za kuipimia. Hata hivyo Olimpiki iliyofuata ya Paris haikuwa na karate, na nyua za Naha hazikupungukiwa na kitu.

Kwetu Afrika Mashariki silsila ya Naha ilifika kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Katika miaka ya 1970, wakati Tanzania ilipokuwa ikiwapokea Wamarekani weusi waliotafuta nyumba Afrika, mmoja wao, Nantambu Camara Bomani, alianza kufundisha Goju-ryu Dar es Salaam katika skuli ya Zanaki, na kutoka dojo hiyo wakatoka waalimu ambao leo wanafunzi wao wamewahi kusafiri mpaka Naha. Zana hazikuwa kikwazo na hazijawa: chi-ishi hutengenezwa kwa kumimina zege katika kopo, ukausimamisha mpini wenye misumari ndani yake kabla halijakauka, na mitungi midogo haijaadimika katika masoko yetu.

Tatizo ni mwalimu, na hilo Okinawa wanalo pia, kwa sababu wazee wanaondoka na si kila mtoto hukubali kurithi chumba cha chini kisicho na faida. Mkoa umefanya uwezavyo: mwaka 1997 uliitambua karate kuwa urithi wake na kuwataja mabingwa watatu wazee, Nagamine Shoshin, Yagi Meitoku na Itokazu Seiki, kuwa wahifadhi wake, na mwaka 2017 ukafungua Karate Kaikan huko Tomigusuku, jumba zuri lenye makumbusho na uwanja wa mashindano. Mgeni aliyetoka mbali asiyejua pa kuanzia huenda hapo akaelekezwa dojo ya mtaani. Lakini mwenye barua ya mwalimu wake hahitaji kupita jumbani, na anaweza kwenda moja kwa moja na jioni ile ile akapokewa, akapewa kitambaa cha kufutia sakafu.